Kibanda cha Rangi cha Nyar Mfangano

Gari la Ratemo liliharibiwa na vidudu vya ziwa, na hapo ndipo maneno yote yalipoanzia.

Lilikuwa Noah jeupe, mojawapo ya teksi nne za huyo Ratemo, Mkisii mfanyabiashara wa Migori. Pamela alikuwa amelinyoosha mabati, akalipiga msasa siku tatu, akaziba vioo kwa magazeti, akalipulizia rangi asubuhi kabla upepo haujaamka. Rangi ilikaa vizuri. Alipomaliza kupaka ile ya mwisho ya kung'arisha, wingu la vidudu likapanda kutoka ziwani, jeusi, likavuka barabara ya Mbita, likaingia bomani na kutua. Watu wa Homa Bay wanavijua vidudu hivi. Haviumi, havileti ugonjwa, na umri wao ni siku moja mbili tu, lakini vikiamua kufia mahali vinafia hapohapo. Siku hiyo viliamua kufia kwenye boneti, kwenye paa na kwenye milango. Kwa mbali ungedhani gari limenyunyiziwa pilipili manga.

Pamela alisimama na bunduki ya rangi mkononi, akavitazama vikikaukia. Mtu mwingine angelia, au angetukana ziwa lote tangu Kisumu hadi Mwanza. Yeye alikwenda akaiosha bunduki kwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akaitundika, akaingia jikoni kusonga ugali.

Ndivyo alivyokuwa kwa miezi kumi na minne, tangu amzike mumewe Fanuel Omanga. Watu wa kanisani walimsifu kwa ujasiri. Wengine, wale waliokaa nyuma ya jikoni siku ya mazishi, walimsengenya kwa kukosa machozi. Wote walikosea. Hakuwa jasiri na hakuwa na roho ngumu. Hakuwa na kitu ndani, basi. Alikuwa kama mguu uliolaliwa: unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya haukuambii neno. Mwanzoni alingoja ganzi imwishe. Haikumwisha, akaacha kungoja.

Fanuel alikuwa fundi wa rangi kwa miaka kumi na tisa, gereji yao ikiwa Migori kwenye barabara ya Isebania. Mume alishika bunduki, mke alishika msasa. Fundi yule alikuwa hodari hata watu wa Ntimaru walivuka miji kumletea magari yao. Ila alikuwa na kiburi cha mafundi wote: hakuvaa barakoa. Alisema rangi iliyochanganywa vizuri unaijua kwa harufu, na aliyejifunga mdomo ataijuaje? Kikaja kikohozi. Kifua kikabana. Mwisho akawa anapumzika mara mbili kati ya mlango na kitanda. Daktari alimwambia Pamela waziwazi kwamba ni ile dawa ya kukaushia inayochanganywa na rangi, na rangi yenyewe; vimeingia mapafuni mwaka baada ya mwaka mpaka vikamaliza nafasi.

Lakini akina Omanga walikuwa na daktari wao nyumbani. Walisema ni chira.

Chira, kwa asiyeijua, ni ugonjwa unaomla mtu polepole kwa kuwa mwiko umevunjwa, na aliyeuvunja si lazima awe ndiye anayeliwa. Mbaazi ikikosa maua husingizia jua. Walipotafuta wa kusingiziwa hawakwenda mbali: miaka mingi nyuma, akiwa bi harusi mpya, Pamela aliwahi kutia mbegu shambani kabla mama mkwe wake hajatia zake, na kwa Wajaluo mkubwa ndiye anayetangulia. Watu wakalila vuno lile, wakashiba, wakasahau. Fanuel alipokufa wakakumbuka. Na hawa ni watu wa Sabato, wenye viti vyao vya mbele kanisani kila Jumamosi. Jumapili asubuhi chira inarudi kazini. Pamela hakubishana nao, kwa sababu anayebisha lazima awe na kitu anachokitetea.

Mwenye gereji ya Migori alimpa fundi mwingine nafasi yao kabla arubaini haijapita. Pamela akapakia kompresa na vifaa vyote kwenye pikapu, akavileta nyumbani kwao Fanuel, hapa juu ya barabara ya Mbita, akaanza kupaka magari uani chini ya anga la Mungu. Ndivyo ilivyokuwa mpaka siku ya vidudu.

Ratemo alipokuja kulitazama Noah lake alilizunguka mara mbili, akakwaruza paa kwa ukucha.

"Mama Valary," akasema, kwa kuwa Valary ndiye binti pekee wa Pamela, yuko chuoni Kisumu, "mimi sitagombana na wewe. Marehemu alinipakia magari rangi miaka yote. Hii utarudia, najua utarudia. Lakini niko na Probox tatu zinangoja. Nikizileta tena hapa nje, mjinga ni mimi. Jenga kitu. Kitu iko na paa na ukuta. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Ikishindikana nazipeleka Kisii, na zikishazoea huko hazirudi."

"Sawa," Pamela akasema.

Alijua vizuri alichokubali. Ratemo ndiye mteja pekee aliyemfuata kutoka Migori. Akiondoka huyo, kazi imekwisha, na bila kazi hakuwa na namna ya kukaa kwenye boma ambako watu walimwona mleta chira. Ingebidi afunge mizigo arudi kisiwani Mfangano kwa kaka zake, awe shangazi wa kuanika dagaa wa omena, na kaburi la Fanuel liote majani. Au akubali jambo la pili, ambalo lilikuja lenyewe kwa miguu yake siku iliyofuata, limevaa shati lililopigwa pasi.

Lilikuwa Barnabas, mdogo wake Fanuel. Ana mke, Millicent, na watoto watano, ana duka la mbolea Migori, na ana tabia ya kuingiza Kiingereza kila anapotaka neno lake lionekane limesoma.

"Shemeji, nimeskia unajenga."

"Kibanda cha kupulizia magari."

"Kina ukuta?"

"Kina."

"Na paa?"

"Bila paa vidudu vitaingia."

"Na mlango?"

"Gari litapitia wapi?"

"Basi hiyo ni nyumba," Barnabas akasema, akakaa vizuri kitini. "Na position yetu unaijua. Mjane ambaye hajarithiwa hajengewi nyumba. Nguzo ya kwanza lazima ichimbiwe na mwanaume wa kumsimamia. Ukijichimbia tu hivi, chira ya kwanza haijaisha na unaita ya pili. Sasa hiyo itachukua nani? Valary?"

Mila yenyewe Pamela aliijua tangu utotoni, hata kisiwani ipo. Mwanamume anayechimbia mjane nguzo ya kwanza hachimbi shimo la nguzo tu. Jioni hiyo nyumba inakuwa na mwenyewe, na mwenye nyumba anajua mahali pa kutundika shati lake.

"Nimeongea na wazee," Barnabas akaendelea kwa sauti ya huruma. "Mimi niko tayari kubeba huo mzigo."

Alisema mzigo. Pamela akatafuta hasira ndani yake, akatafuta kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, asiipate. Kilichomtisha ni kwamba aliona neno "sawa" limekwisha kufika kwenye meno. Si kwa kumpenda Barnabas wala kwa kumwogopa. Sawa ni neno jepesi tu, na yeye alikuwa amechoka kubeba mazito. Akalimeza, akaomba siku chache za kufikiri.

Aliyemletea njia ya tatu alikuwa Ondieki, mchomeleaji Mkisii wa Migori aliyefanya kazi na Fanuel tangu wote wana nywele nyeusi. Alikuja na mashine yake, akasikiliza kisa chote akitafuna muwa, kisha akatema makapi.

"Mama Valary, kitanda kina miguu minne. Kimesimama. Nani anasema kitanda ni nyumba? Tutachomelea fremu, tuisimamishe juu ya mawe. Hakuna shimo, hakuna nguzo, hakuna nyumba. Hao wazee wataongea nini?"

Mkisii akijitolea kuwatafsiria Wajaluo mila zao, kuna kitu kitaanguka, lakini Pamela hakuwa na nguvu za kutafuta wakili mwingine. Wakaanza.

Ilichukua siku tisa. Ondieki alichomelea fremu ya vyuma vya mraba, hatua kumi kwa tano, na Pamela akaivisha nailoni nzito ya kujengea vitalu vya nyanya, akaibana kwa vipande vya mbao. Walinunua feni kubwa ya kufukuzia moshi kutoka kwa hoteli moja ya Migori iliyofungwa. Mota yake waliiweka nje, mkanda ukapita kwenye tundu kwenda kuzungusha feni, kwa sababu mvuke wa thina na cheche ya umeme havilali nyumba moja. Taa nazo zilikaa nje, zikimulika ndani kupitia vioo vya mbele vya magari yaliyokwisha kufa, Corolla upande huu na Peugeot upande ule. Hewa ingeingia kwa mbele kupitia sponji ya godoro, ikiacha vumbi na vidudu nje, na kutoka kwa nyuma kupitia sponji nyingine, ya kunasa rangi inayoelea, isije ikaipaka mihogo ya jirani. Pamela alikata sponji zile mwenyewe kwa kisu cha mkate. Zilikuwa nyeupe pee.

Majirani walikuja kutazama, wakasifu. Ondieki akajipiga picha mbele ya kibanda. Pamela alitazama kazi ya mikono yake, akajua kwamba ni nzuri. Kujua huko kulikaa kichwani tu, hakukuteremka.

Siku ya kumi, saa tisa alasiri, upepo wa ziwa ukaja kama kawaida yake. Ulivuma ukaingia mbele, ukajaza nailoni. Kibanda kikajitikisa juu ya mawe yake, kikainuka upande mmoja taratibu, kikasita, kisha kikalala kifudifudi kwenye bustani ya sukuma. Kioo cha Peugeot kikavunjika. Kuku wawili wakafa papo hapo.

Ondieki akavua kofia, akakuna kichwa.

"Kumbe shimo lina kazi yake," akasema.

Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Kesho yake habari ilikuwa imefika sokoni Homa Bay na imeongezwa chumvi, kuku wamekuwa kumi. Pamela alingoja aone aibu, na aibu nayo haikuja. Alikusanya vyuma, akachinja wale kuku kwa heshima ingawa walikwisha kufa, akakumbuka haifai kuliwa kilichokufa chenyewe, akawazika.

Asubuhi iliyofuata Barnabas alifika na mtaimbo, jembe na wazee wawili wa kushuhudia. Alikuwa na shati jingine, nalo lina pasi.

"Upepo umeamua, shemeji. No more shortcuts. Bado wiki moja mwezi uishe, na yule Mkisii wako wa teksi hangoji. Leo nachimba, jioni tunakula pamoja, mambo yanaisha. Ama?"

Ondieki alimtazama Pamela. Wazee walitazama chini. Pamela aliona yote, mtaimbo, shati, ardhi iliyolowa kidogo na umande, na akaona maisha yake yatakavyokuwa: Barnabas Jumanne na Alhamisi, viatu vyake mlangoni, sauti yake ikiomba chumvi. Hakuona kitu cha kumfanya aseme hapana. Hapana inataka mtu.

"Sawa," akasema.

Barnabas akakunja mikono ya shati, akateua mahali, akainua mtaimbo.

"Ile iliyosimama pale ni nini?"

Sauti ilitoka nyuma yao. Ilikuwa ya Bathsheba, mama yake Fanuel na Barnabas, bibi wa miaka karibu themanini, ambaye nyumba yake iko upande wa juu wa boma. Tangu mazishi hakuwa ameongea na Pamela zaidi ya salamu na kuombana chumvi. Alikuwa ameteremka na fimbo yake, na aliongea Kijaluo, lugha yake pekee. Fimbo ilielekezwa kwenye nguzo ya mti iliyofungwa kamba ya nguo.

"Ni ya kuanikia nguo, Mama," Barnabas akasema, mtaimbo bado uko juu.

"Nani aliichimbia?"

Pamela akasema, "Fanuel, Mama."

"Aliichimbia muanike nguo?"

"Hapana. Alitaka kujenga kibanda cha rangi hapa, awe anafanyia kazi nyumbani. Mwaka wa sita sasa."

"Na kwa nini akaishia kwenye nguzo moja?"

Pamela alijua. Barnabas alijua, na wale wazee wawili pia. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema, kwa hiyo bibi akalisema mwenyewe, polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni.

"Kwa sababu mvua ya mwaka ule ilibomoa paa langu. Mwanangu alikuwa amenunua mabati ya kibanda chake, ameyaegemeza kwenye ukuta huu. Akayatazama mabati, akanitazama mimi, akayapandisha juu ya nyumba yangu. Akasema kibanda kitangoja, mama hangoji."

Upepo mdogo ulipita. Bibi akasogea, akaishika ile nguzo, akaitikisa. Haikutikisika.

"Nguzo ya kwanza ilichimbiwa na mwenye boma," akasema. "Kilichoanzwa na mwenyewe hakianzwi mara ya pili na mtu mwingine. Barnabas, kama mikono inakuwasha, chimba ya pili na ya tatu. Hizo hata kibarua anachimba."

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema neno hilo lina mizizi. Wa pili akasema ndivyo lilivyokuwa hata zamani, ingawa hakusema zamani ipi. Barnabas akateremsha mtaimbo, akatazama saa, akakumbuka kwamba ana mkutano Migori.

Bibi hakungoja kushukuriwa. Aligeuka akapanda kwenda kwake, na Pamela akabaki amesimama, akijua kwamba ameokolewa, akishangaa kwa nini kuokolewa hakufanani na kitu chochote.

Ondieki akapima upya. Kibanda kikasogezwa hatua nne kaskazini ili nguzo ya Fanuel iwe pembe yake ya kwanza. Nyingine saba akazichimbia Ondieki mwenyewe, Mkisii wa watu, na hakuna aliyedhani kwamba amerithi mjane. Kioo cha Peugeot kikapata mrithi wa Subaru. Upepo ulipokuja saa tisa, nailoni ilivimba, nguzo zikasimama.

Probox ya kwanza iliingia siku tatu kabla ya mwezi kwisha. Ratemo aliitaka buluu, ile buluu nzito ya kina cha maji. Pamela aliipiga msasa, akaiziba vioo, akaifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Akavaa barakoa ya vichujio viwili aliyotumiwa na Valary kutoka Kisumu, akafunga mlango, akampa Ondieki ishara. Feni ikanguruma.

Hakuwa amewahi kupaka rangi namna ile. Ukungu wa buluu ulitoka kwenye bunduki, ukagusa gari, na uliobaki haukuelea mahali ukimngoja. Uliondoka, ukavutwa nyuma mstari mmoja mpaka kwenye sponji, ukapotea. Ndani ya barakoa alisikia harufu ya mpira tu. Alipaka mkono wa kwanza, akangoja, wa pili, akangoja, wa tatu. Vidudu vilikuja siku hiyo pia. Aliviona kupitia kioo cha Corolla, vikijibandika kwenye nailoni kwa nje, vikifa kwa nje. Gari lilitoka safi kama kioo cha kujitazama. Ondieki alipiga kelele za furaha, akampigia Ratemo simu palepale.

Pamela alikwenda nyuma ya kibanda kuifungua ile sponji aione kama itafaa kwa gari la pili.

Haingefaa. Sponji aliyoiweka asubuhi ikiwa nyeupe ilikuwa buluu kutoka mwisho hadi mwisho. Akaibonyeza, haikubonyea. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia ko, ko, kama mlango wa mbao. Aliishika kwa mikono miwili kwa sababu ilikuwa nzito. Gari moja tu, asubuhi moja.

Akasimama hapo. Miaka kumi na tisa Fanuel alisimama mahali pa sponji hii. Kila gari lililotoka liking'aa, rangi iliyobaki iliingia kwake. Na dawa ya hayo yote ilikuwa nailoni, godoro na feni ya hoteli, kazi ya siku tisa, kumi na mbili ukihesabu upepo. Kitu kikamchoma Pamela chini ya mbavu, mara moja, kwa nguvu, hata akashika nguzo.

Halafu wazo la pili likaja. Alikuwa na ushahidi mkononi. Angeweza kuipeleka sponji hii kwa Barnabas dukani kwake, aiweke juu ya kaunta. Angeweza kuipeleka kanisani Jumamosi, kwenye kiti cha mbele, aigonge mbele yao waisikie ikilia. Chira yenu hii hapa, ni buluu. Hakuna mtu kwenye kilima kile ambaye angemtaja kwa ubaya tena.

"Kazi imetoka vizuri?"

Bathsheba alikuwa ameteremka na fimbo yake. Alikuwa ameliona gari, na sasa aliiona sponji. Akasogea, akaigusa.

"Si ndiyo ile nyeupe niliyokuona ukiibeba asubuhi?"

"Ndiyo, Mama."

"Hii yote imetoka kwenye gari hilo moja?"

"Ndiyo."

Bibi akaigonga kwa ukucha, akasikiliza. Akaitazama feni, akatazama kuta za nailoni, akafuata kwa macho njia ya hewa, kutoka mbele mpaka nyuma, bila kuelezwa na mtu. Hakuwa mjinga. Alikuwa amezeeka tu.

"Nyar Mfangano," akasema. Ndivyo alivyomwita miaka yote, binti wa Mfangano, jina la alikotoka. "Wakati ule. Kama angekijenga kibanda chake, mwanangu angekufa?"

Pamela akafungua mdomo. Jibu alikuwa nalo kwa miezi kumi na minne, alipewa na daktari. Lilitaka kusemwa mara moja tu. Akamtazama bibi: mkono umeshika fimbo, mkono mwingine umeegemea ile nguzo, na mgongo ameipa nyumba yake, hataki kugeuka aitazame. Aliuliza akijua anauliza nini. Alikuwa amejua tangu siku ile aliposema habari za mabati mbele ya wazee, na bado alizisema.

Hapo roho ikamuuma. Ilimuuma kwa ajili ya Fanuel aliyetazama mabati, akamtazama mama yake. Ilimuuma kwa ajili ya huyu mama. Ilikuwa imekaa muda mrefu bila kuuma, na sasa ilikuja yote.

"Angekufa tu, Mama," akasema. "Kibanda kisingemsaidia. Ilikuwa chira. Mimi ndiye niliyeileta."

Bathsheba alimtazama.

"Hujui kudanganya, mwanangu," akasema.

Akageuka, akapanda kilima, hatua na fimbo, hatua na fimbo. Pamela aliiweka sponji chini, akamfuata kwa mbali. Bibi alifika mlangoni kwake, akausukuma ukafunguka, akainua kichwa akatazama juu. Hakuingia. Alijishusha chini polepole, akakaa kwenye udongo mbele ya kizingiti, miguu ameinyoosha.

Mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya ziwa tangu adhuhuri yakafika. Matone ya kwanza yakagonga mabati, machache, kisha mengi, mpaka paa zima likawa kelele. Pamela alimwinamia, akamshika mkono amwinue waingie ndani. Mkono ulikuwa mzito, haukutaka. Basi akaketi chini kando yake, akalia, mvua ikawanyeshea wote wawili.